Leso Isiyofuliwa

Zamani, kabla umeme haujaingia mijini, wakati farasi ndio waliokuwa wenye barabara na watu wakipita pembeni, palikuwa na nyumba moja ya dobi ambayo haikuwahi kupoteza nguo ya mtu. Si shati, si soksi, si hata kifungo. Wengine hurithi mashamba. Ukoo huu ulirithi sifa hiyo, na sifa ni mali ngumu kuliko shamba, maana haina msimu wa kupumzika.

Mzee Dobi, aliyekuwa mwenye nyumba wakati huo, alipenda kusimulia habari za babu yake na mbuzi. Babu alikuwa ameanika nguo, akageuka kidogo kukaza kamba, aliporudi akamkuta mbuzi wa jirani anamalizia kumeza tai ya karani mmoja. Hakupiga kelele wala hakumpiga mbuzi. Alimfunga, akakaa naye, akampa majani laini na kumsemesha kwa upole kutwa nzima, mpaka mbuzi akaona haya akairudisha tai kwa njia anayoijua mwenyewe. Babu akaifua, akaipiga pasi, akaipeleka. Yule karani aliivaa mpaka akazikwa nayo, na hakuna aliyemwambia neno.

"Kufua, hata mvua inafua," mzee alikuwa akimalizia. "Kurudisha ndiko udobi."

Binti yake aliitwa Povu. Utotoni alitumbukia kwenye pipa la nguo, wakamtoa mzima, mapovu yakimtoka mdomoni, analalamika. Na tangu siku hiyo hakuacha kulalamika. Mgongo wa mzee ulipokataa kuinama, Povu ndiye aliyeshika kazi. Alijua kuchemsha, kutia buluu ili nyeupe ing'ae, kutia wanga ili nguo isimame, na kuinua pasi ya makaa iliyowashinda wanaume wenye misuli. Na kama madobi wote, alimjua mtu kabla hajamwona. Kola ilimwambia nani ana hasira, kiwiko kilimwambia nani mvivu, na mifuko ndiyo iliyokuwa na umbea kuliko vyote.

Basi mifuko ndiyo iliyomleta Bwana Mdogo.

Bwana Mdogo alikuwa mtoto wa pekee wa nyumba ya marehemu jaji, ile yenye ngazi za mawe mbele na mlango mwembamba wa nguo chafu nyuma. Alikuwa amerudi kutoka masomoni mbali, na suruali zake zilipofika kwa dobi, Povu alitoa mifukoni nusu mkate, msumari, mbegu za alizeti na gamba la konokono. Jaji alikuwa anaacha mifukoni mwake vumbi la tumbaku tu, na hata hilo lilikuwa limenyooka. Povu akavifunga vitu vyote kwenye kitambaa, mkate ukiwemo, maana kurudisha ndiko udobi.

Siku aliyopeleka nguo, kijana mwenyewe alikuja ujiani, kati ya jiko na chumba cha mashuka.

"Wewe ndiye uliyenirudishia konokono wangu?"

"Gamba tu, bwana. Mwenyewe alishahama."

Bwana Mdogo akacheka. Katika nyumba ile kicheko kilikuwa kama vijiko vya fedha, kinafungiwa kabatini na kutolewa wageni wakija. Povu, ambaye hakuwahi kufundishwa lini anyamaze, akaendelea: "Na kola hiyo umeivaa juu chini. Nilijichosha kuinyoosha, nawe unaivaa kama mtu aliyekimbia moto."

"Hakuna aliyeniambia tangu asubuhi."

"Nani akuambie, na wote wanakuinamia? Wanaona viatu tu."

Kijana akaivua kola palepale, maana za siku hizo hazikushonwa kwenye shati. Kuanzia hapo, kila Povu alipoleta nguo, Bwana Mdogo alikuwa na shughuli ujiani. Mara anatafuta kitabu, mara anatafuta paka. Nyumba haikuwa na paka.

Na kule nyumbani kwa dobi, mashati ya Bwana Mdogo yakaanza kupigwa pasi mwisho, kwa makaa mapya, polepole.

"Hilo shati limekukosea nini?" Mzee Dobi aliuliza. "Umelipiga pasi mpaka linaomba maji."

"Lina mikunjo, baba."

"Mikunjo iko kwako," akasema mzee, akageukia upande wa pili na kiti chake.

Sasa, watu wa tabaka la akina Bwana Mdogo walikuwa na desturi yao. Wao hawakuwa wakitamka mapenzi kwa mdomo. Mdomo ulikuwa wa kuagizia chai. Mwanamume akipenda, aliangusha leso yake ya mfukoni miguuni pa mwanamke, kisha akatazama dari kana kwamba anakagua kama inavuja. Mwanamke akiiokota na kuitia ndani ya mkono wa gauni lake, basi, njoo uzungumze na wazee. Akiirudisha, sikutaki. Na akiirudisha imefuliwa, hiyo ni sikutaki, na hata harufu yako siitaki. Mji ule ulimkumbuka binti mmoja tu aliyewahi kumfanyia mtu ukatili huo, na mtu mwenyewe alipanda meli hakuonekana tena.

Madobi nao walikuwa na desturi moja tu kuhusu leso: ukiikuta chini, okota, fua, rudisha.

Siku Bwana Mdogo alipoangusha leso yake ya kwanza, Povu alikuwa na kapu kichwani. Aliinama kwa ustadi, akaiokota bila kapu kutikisika.

"Bwana, umeangusha leso."

"Najua," alisema Bwana Mdogo, macho darini.

"Hata chafu sana siyo."

"Siyo," kijana akajibu, bila kushusha macho.

Povu akaitia kapuni. Safari iliyofuata aliileta imefuliwa, imetiwa buluu, na wanga wa kutosha kuisimamisha mezani bila kuegemezwa. Bwana Mdogo aliipokea kwa mikono miwili. Rangi ikamtoka. Akainama kidogo kama mtu aliyehukumiwa, akaenda chumbani kwake, na chakula cha mchana kikamkosa, na cha jioni pia.

"Bwana Mdogo anaumwa?" Povu alimuuliza Mama Funguo.

Mama Funguo ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyumba. Alivaa funguo zote za nyumba kiunoni, zikilia kila alipopita, na watumishi walijua kumkimbia kwa mlio huo. Walichokuwa hawajui ni kwamba akitaka alizikamata zote kwa ngumi na kutembea kimya kama vumbi.

"Anaumwa," alisema, akamtazama Povu kwa namna ambayo Povu hakuielewa.

Kijana hakukata tamaa. Alijipa moyo kwamba labda pamba ilikuwa tusi, binti alitaka hariri. Akaangusha ya hariri, amemwagia marashi nusu chupa. Povu akaichukua akiwa ameziba pua. Alipoirudisha alieleza mwenyewe, tena kwa fahari:

"Marashi haya yaling'ang'ania, bwana. Nimeichemsha, nimeianika juani, nikaichemsha tena. Sasa nusa. Hainuki kitu."

Bwana Mdogo akanusa. Kweli, haikunuka kitu. Alilala siku kadhaa akitazama ukuta.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mwanamume wa ukoo wake aliyewahi kulifanya: alichukua sindano na uzi mwekundu, akajidarizia leso mwenyewe. Alikusudia ndege wawili. Vidole vilimtoka damu, na alipomaliza, ndege walifanana na kiatu kilichokanyagwa na gari la farasi. Lakini ilikuwa kazi ya mikono yake. Akaiangusha, akaangalia dari, na safari hii hata alifumba macho.

Povu akaileta nyeupe pe.

"Kulikuwa na uzi umejisokota katikati," alimwambia kwa upole, maana aliona kijana anazidi kukonda. "Sijui ni panya, sijui nini. Nimekufumulia wote. Tazama, wala tundu halionekani."

Bwana Mdogo aliondoka ameshika ukuta.

Wiki hiyo hiyo Mama Funguo alimvuta Povu ndani ya chumba cha mashuka, akafunga mlango, akazikamata funguo zake zisilie.

"We binti, hebu niambie. Moyo wako umetengenezwa na nini?"

"Nimefanya nini tena, mama?"

"Unamchezea mtoto wa watu. Humtaki, sema humtaki mara moja. Ya kumfulia mara tatu ni ya nini? Na ile ya ndege umeifumua. Nilikuwa nyuma ya mlango, niliona yote, nikasema huyu mtoto wa dobi ni mkatili kuliko jaji."

"Ndege gani?"

Mama Funguo akamtazama usoni. Kisha akakaa juu ya rundo la mashuka yaliyokunjwa, jambo ambalo angemfukuzia mtu kazi, akaanza kumweleza desturi ya leso tangu mwanzo. Alivyoendelea ndivyo Povu alivyozidi kuteremka, mpaka naye akawa amekaa sakafuni.

"Wale walikuwa ndege," akasema Povu.

"Walikuwa ndege."

"Kwa hiyo nilitakiwa nibaki nayo."

"Ubaki nayo."

"Leso ya mtu. Niichukue, nisirudishe."

"Ndiyo."

"Mama, huo si wizi?"

"Kwao ndiyo mapenzi. Kwenu ndio wizi. Mimi nimekaa katikati miaka yote hii, nimechoka." Mama Funguo akajifuta jasho. "Na sasa umechelewa. Jumamosi anakuja binti wa mkuu wa forodha na wazazi wake. Bibi Mkubwa amemwamuru amwangushie leso ya marehemu jaji, ile yenye nembo. Jana amemfanyisha mazoezi sebuleni, mbele ya kiti kilichovishwa gauni."

Povu akafikiri. "Kiti kilikubali?"

"Nyamaza, utanichekesha."

Povu alitokea ujiani na kapu la nguo chafu, kichwa kizito kuliko kapu. Hakuwahi kujua kama anapendwa, na sasa amejua na jibu ameshalitoa, tena limetiwa wanga. Hapo Bwana Mdogo akapita. Alikuwa na mafua. Pua ilikuwa nyekundu, macho yanatokwa na machozi, na alipomwona Povu aligeuza uso, akapiga chafya iliyomrusha hatua nzima, akapinda kona. Leso ikabaki sakafuni nyuma yake.

Haikuwa ya hariri wala ya ndege. Ilikuwa imekunjamana, ina wino pembeni, ina kila kitu ambacho leso ya mtu mwenye mafua huwa nacho, na ndiyo ile ya mazoezi, yenye nembo ya jaji. Povu aliiokota. Akafungua mdomo amwite, kama alivyofundishwa, na kama baba yake alivyofundishwa, na kama babu wa baba yake angemfundisha hata mbuzi. Akaufunga tena. Akaangalia huku, akaangalia kule, akaisokomeza ndani ya mkono wa blauzi yake, akaondoka mbio.

Nyumbani hakuifua. Alifua vitambaa vya meza vya Jumamosi, alifua mashuka ya wageni, alifua kasha zima la leso za jaji lililoletwa kwa ajili ya shughuli, na leso moja ilikuwa ndani ya mkono wa blauzi yake, inamwasha kama upupu.

"Mkono wako umevimba?" baba yake akauliza.

"Mbu, baba."

"Mbu gani huyo wa pembe nne?"

Povu alijua kitakachotokea. Akirudisha leso, Bwana Mdogo atakwenda Jumamosi na kuiangusha kwa mwingine. Asiporudisha, yeye ndiye atakuwa wa kwanza katika ukoo kufikisha kapu pungufu, na dobi mwenye kapu pungufu hapewi tena hata kitambaa cha kufutia meza.

Ijumaa walikwenda wote wawili, kwa sababu mzigo ulikuwa mkubwa na mzee hakutaka kukosa siku kama hiyo. Bibi Mkubwa mwenyewe, mjane wa jaji, alikuwa ameteremka mpaka chumba cha mashuka, jambo la nadra. Alisimama mlangoni ameinua sketi yake kidogo, utadhani usafi unaambukiza.

"Shikamoo, Bibi Mkubwa," alisema Mzee Dobi.

"Marahaba. Zihesabuni."

Mama Funguo akahesabu. Vitambaa vya meza sawa. Mashuka sawa. Alipofika kwenye leso za jaji, akahesabu, akahesabu tena polepole zaidi, kama mtu anayezipa nafasi ya kuzaliana.

"Imepungua moja, ile yenye nembo," alisema mwishowe.

"Haipo nyumbani," alisema Bibi Mkubwa. "Nimetafuta mwenyewe. Dobi?"

Mzee Dobi alicheka kidogo, kwa huruma. "Haiwezekani, Bibi Mkubwa. Katika ukoo wetu haijawahi kupotea. Kuna babu yetu mmoja, alikuwa na mbuzi..."

"Baba, siyo sasa."

"...siyo wake, wa jirani..." Mzee alianza kupekua kapu. Alilipindua. Alitazama chini yake. Alijipekua mwenyewe mifukoni, kisha akabaki amesimama, na uso wake ukawa wa mtu anayeona nyumba yake ikiungua. Povu hakuweza kuvumilia.

"Haijapotea, baba. Ninayo."

"Alhamdu... basi itoe, mwanangu, umenitia hofu."

"Siitoi."

Mama Funguo alizikamata funguo.

"Umesemaje?" akauliza Bibi Mkubwa.

"Nimesema ninayo, Bibi Mkubwa, na sijaiiba. Mtoto wako aliiangusha miguuni pangu, nami nimeiweka." Akaivuta kidogo kutoka mkono wa blauzi ili waione. Ilitokeza pembe yenye wino.

Mzee Dobi aliikodolea macho. "Mwanangu," akanong'ona. "Hujaifua?"

"Sijaifua, baba."

Mzee akatafuta pa kukaa. Wizi angeweza labda kuuzoea, lakini hili la leso chafu lilimpata pabaya.

"Huyu ni mwizi na mwongo," alisema Bibi Mkubwa. "Mwanangu hawezi..."

Hapo mwanawe akaingia, amesikia sauti, pua bado nyekundu. Mama yake akamwonyesha kwa kidole. Bwana Mdogo akaitazama leso, akamtazama Povu, na alipofungua mdomo, kwa kuwa alikuwa amesomea sheria na hakujua kusema uongo, akasema ukweli.

"Hiyo sikuiangusha. Ilidondoka. Nilikuwa na mafua."

"Mnasikia," alisema Bibi Mkubwa. "Ilidondoka."

Povu alitamani pipa la nguo, lile la utotoni, atumbukie na safari hii wasimtoe. Ameuza sifa ya ukoo mzima kwa chafya. Akaitoa leso yote, akainyoosha kwa kiganja, tabia tu, akamkabidhi.

"Basi chukua yako, bwana. Samahani. Na zile nyingine pia nisamehe. Mimi kwetu leso ni leso. Sikujua wale ni ndege."

Bwana Mdogo aliipokea. Aliigeuza. Haikuwa na wanga. Haikuwa na buluu. Ilikuwa ya vuguvugu, na wino wake uleule.

"Hujaifua," alisema.

"Unaona mwenyewe."

"Umekaa nayo hivi hivi. Pamoja na mafua yangu."

"Nimeshaanza hata kukohoa," alisema Povu.

Kijana akamtazama mama yake, kwa heshima. Kisha akanyoosha mkono, akainua macho darini na kuiachia leso.

Lakini leso isiyo na wanga ni nyepesi. Haikwenda pale ilipotumwa. Ilipepea, ikazunguka, ikatua juu ya kiatu cha Mzee Dobi. Na mzee, ambaye maisha yake yote alijua jambo moja tu la kufanya leso ikianguka, aliinama. Mgongo uliokataa kuinama kwa miaka, leo ulikubali.

"Mzee, usiiguse!" alipiga kelele Mama Funguo, funguo zikalia zote kwa mpigo. "Ukiiokota atakuoa wewe."

Povu akamwahi. Aliinyakua chini ya vidole vya baba yake, akaitia ndani ya mkono wa blauzi, akaushika mkono huo kwa mkono wa pili. Bwana Mdogo akapiga chafya, na kwa kuwa hakuwa na leso, akatumia shuka la wageni.

Bibi Mkubwa hakukubali. Alimwambia mkuu wa forodha kwamba mwanawe ni mgonjwa, akamwondolea Mzee Dobi kazi ya nyumba yake, na akatafuta dobi mwingine upande wa pili wa mji. Hapo ndipo alipokosea. Kola zikaanza kulala kama masikio ya mbwa mzee. Soksi zikarudi zimeoana na wageni. Mwisho alikwenda kwenye chai ya wakubwa amevaa blauzi iliyomkaa vizuri ajabu, mpaka mke wa mkuu wa forodha alipoikagua kwa karibu na kumuuliza, kwa sauti ya kusikika, kama anavipenda vifungo vya lulu vya blauzi ya mwenzake.

Asubuhi iliyofuata Bibi Mkubwa alishuka kwenye gari lake la farasi mbele ya nyumba ya dobi. Alitafuta mlango wa mbele ni upi, lakini nyumba ilikuwa na mlango mmoja tu. Bwana Mdogo alikuwa uani, anaanika mashuka vibaya, kama alivyokuwa akifanya kila siku tangu Ijumaa ile.

"Mwambie binti yako aje, nimekubali," Bibi Mkubwa alimwambia Mzee Dobi, bila kukaa. "Lakini aje na pasi yake."

"Pasi siachi hata kwa dawa," Povu alijibu kutoka ndani. "Na mtu ataniinamia akiwa anaokota kitu tu."

Walioana. Mzee Dobi akaendelea kusimulia habari za mbuzi, na mwishoni akaongeza kwamba mpaka leo ukoo haujapoteza kitu, ila kuna leso moja ambayo haijarudi, na mahali ilipo panajulikana. Ilikuwa kwenye kisanduku cha kioo juu ya kabati la binti yake, imekunjamana vilevile, na wino wake. Kila alipokwenda kuwatembelea alikaa kwenye kiti cha mbali kabisa na kabati, na kila mara, kabla chai haijapoa, kiti kilikuwa kimesogea.

"Nisiifue," alisema. "Niisuuze tu. Hata kwa maji matupu."

"Baba."

"Pembe moja, mwanangu. Ile yenye wino."

"Baba, kunywa chai."